Choo Kinaporudisha Maji: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Mfumo wa Majitaka wa Nyumbani, Mtwara na Lindi

Kila mwaka mvua zinapokolea, kati ya Januari na Aprili, simu ninazopigiwa hufanana: choo kinarudisha maji, bafu halimezi, gari la majitaka lilikuja wiki mbili zilizopita na tangi limejaa tena. Mara nyingi mwenye nyumba huwa amekwisha kuamua, kabla sijafika, kwamba tangi limejaa na dawa yake ni kunyonywa. Hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea, kwa sababu tangi la majitaka lililo zima hujaa daima. Hujaa muda mfupi baada ya nyumba kuanza kukaliwa, na tangu hapo hubaki limejaa hadi usawa wa bomba la kutokea. Kila ndoo inayoingia upande mmoja husukuma ndoo nyingine itoke upande wa pili. Kinachotakiwa kujulikana ni mahali ambapo safari hiyo ya maji imekwama, na mwongozo huu umeandikwa ili kumsaidia mwenye nyumba au fundi kupatafuta mahali hapo kwa utaratibu, kabla ya kuita gari wala kuvunja sakafu.

Safari yenyewe ina vituo vichache. Maji hutoka nyumbani kwa bomba la inchi 4, hupita kwenye chemba ya ukaguzi, huingia katika tangi ambalo wengi huliita karo au septiki, kisha hutoka kwenda kwenye shimo la kunywea au mitaro ya kunywea, ambako ardhi huyapokea na kuyasafisha. Ndani ya tangi kuna matabaka matatu: juu hukaa utando wa mafuta na vitu vyepesi, chini hukaa tope, na katikati hukaa maji yaliyotulia, ambayo peke yake ndiyo yanayopaswa kutoka.

Jambo moja halina mjadala. Asiingie mtu ndani ya tangi, hata kama limenyonywa na linaonekana kavu, na wala asiingie mwingine kumfuata aliyeanguka. Hewa iliyomo humo huua kwa dakika chache bila kutoa onyo la kutosha, kwani pua huzoea harufu yake na kuacha kuihisi. Kwa sababu hewa hiyo inaweza pia kuwaka, usiinamie mdomo wa tangi ukiwa na sigara au kibatari. Tumia tochi, tena ukiwa umesimama upande unakotoka upepo. Kazi zote ninazozieleza hapa hufanywa kutoka juu.

Maji yanashuka taratibu au yanarudi ndani

Anza kwa kuuliza ni wapi kunakokwama. Ikiwa ni sinki la jikoni tu linalosuasua huku choo na bafu vikimeza kama kawaida, tatizo liko kwenye bomba la sinki hilo, na katika nyumba zetu mshukiwa wa kwanza ni machicha ya nazi yaliyogandishwa na mafuta ya kukaangia. Nimewahi kuvuta kutoka kwenye elbo ya jikoni gogo la machicha lenye urefu wa mkono, gumu kiasi kwamba lilitoka likiwa na umbo la bomba. Mchanga unaotumika kusugulia masufuria nao huenda njia hiyo hiyo, na tofauti na machicha, huo hauozi kamwe. Hutua kwenye tangi na kukaa humo.

Ikiwa vyote vimekwama kwa pamoja, fungua chemba iliyo karibu na nyumba. Chemba ikiwa kavu ilhali choo kimejaa, kizuizi kiko kati ya choo na chemba, na kitatolewa kwa waya au fito za kuzibulia. Chemba ikiwa imejaa, nenda kwenye tangi, funua mfuniko wa upande wa kuingilia, usubiri hewa ipungue, kisha umulike. Usawa wa maji ndani ya tangi ndio utakaokujibu.

Maji yakiwa sawa na sehemu ya chini ya bomba la kutokea, tangi liko sawa na kizuizi kiko nyuma yako, yaani kwenye bomba kati ya chemba na tangi au kwenye tii ya kuingilia, yaani kiungio cha bomba chenye umbo la herufi T, ambayo mara nyingi huzibwa na utando mzito, nepi au taulo za kike. Bomba lenyewe pia linaweza kuwa limelazwa vibaya. Mteremko unaofaa ni takribani sentimita 2 kwa kila mita moja, nao hupimwa kwa pima maji, si kwa jicho. Bomba lililolala bila mteremko huacha kinyesi njiani, na lililotitia katikati kwa sababu kifusi chake hakikushindiliwa hutengeneza bwawa dogo ambalo litaziba kila baada ya miezi michache hata ukizibua mara mia.

Maji yakiwa juu ya bomba la kutokea, basi huko mbele hakupokei, na sehemu inayofuata ndiyo yako. Maji yakiwa chini ya bomba hilo, tangi linavuja. Hilo nalo nitalifikia.

Tangi linanyonywa na baada ya siku chache limejaa tena

Hili ndilo tatizo kubwa la ukanda wetu wa pwani, na ndilo linalokula fedha za watu pasipo sababu. Nitalieleza kwa nyumba moja ya Shangani, Mtwara, niliyoitwa mwezi wa Machi. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuita gari mara nne tangu Januari. Nilipomwamkia aliitikia, kisha akaniambia, “Mwanangu, hili shimo sasa linakula kuliko sisi wenyewe.” Gari la mara ya tano lilikuwa limesimama mlangoni, nikamwomba dereva anyonye hadi chini ya usawa wa bomba la kutokea, halafu azime mashine ili tusikilize. Tulipoinama pembeni ya mdomo wa tangi tulisikia maji yakidondoka. Nilipomulika nikaona tii ya kutokea ikimwaga maji kuelekea ndani, maji ya kijivu yasiyo na tope, na yaliendelea kumwagika kwa zaidi ya dakika 20. Shimo la kunywea lilikuwa linarudisha maji kwenye tangi. Gari lingeweza kuja kila asubuhi na jioni bila kubadili chochote, kwa kuwa lilikuwa linanyonya maji ya ardhini.

Shimo hilo lilikuwa na kina cha mita 3, na fundi aliyelichimba hakufanya ulaghai wowote. Alilichimba Septemba, akakuta mchanga mkavu hadi chini, akaridhika. Nilichimba kishimo cha majaribio hatua chache kutoka hapo, na kwenye sentimita 80 maji yakaanza kuchuruzika kutoka pembeni. Maana yake ni kwamba zaidi ya mita 2 za shimo lile zilikuwa ndani ya maji ya ardhini, na ardhi iliyokwisha kushiba maji haina pa kuyaweka mengine. Watu wa Lindi na Mtwara wataikumbuka hali hii kutokana na mvua za Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024, wakati hata mifumo ambayo haikuwahi kusumbua ilipoanza kurudisha maji. Mfumo uliokwama kwa siku chache za gharika kama ile na kisha ukapona wenyewe hauhitaji kuvunjwa. Punguza tu matumizi ya maji hadi ardhi ikauke. Unaokwama kila masika ndio wenye kasoro ya kudumu.

Kipimo cha kusikiliza baada ya kunyonya ninakithamini kuliko vingine vyote kwa sababu hakigharimu kitu. Maji yakirudi kwa wingi, uwanja wa kunywea, yaani eneo la shimo au mitaro ya kunywea, umeshiba. Yasiporudi hata tone ilhali tangi lilikuwa limefurika kabla ya kunyonywa, bomba la kwenda kwenye uwanja limeziba au limevunjika, na hiyo ni kazi ya nusu siku.

Maji ya ardhini si sababu pekee ya uwanja kushiba. Hata ardhi kavu huziba pale tope na mafuta vinapovuka tangi na kufika kwenye kokoto zilizomo ndani ya mitaro ya kunywea, ambako hujengeka tabaka jeusi lenye utelezi lisilopitisha maji. Ukifukua pembezoni mwa mtaro na kukuta kokoto nyeusi zinazonuka huku udongo wa sentimita chache tu pembeni ukiwa mkavu, umepata jibu. Chanzo chake kitafute ndani ya tangi. Je, tii ya kutokea ipo? Mara nyingi haipo kabisa, bomba limechomekwa moja kwa moja ukutani, na utando wa juu unatoka wote. Tii hiyo inapaswa kuzama chini ya uso wa maji kwa sentimita 40 hivi, na ile ya kuingilia sentimita 15 hadi 20, huku bomba la kutokea likiwa chini ya lile la kuingilia kwa sentimita 5 hadi 7. Je, tangi limegawanywa vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili? Na je, limewahi kunyonywa tope kwa wakati? Tope na utando vikifikia theluthi moja ya kina cha maji, muda umefika, na kwa familia ya kawaida hiyo ni kila baada ya miaka 3 hadi 5. Hapo gari la majitaka linafanya kazi yake halali.

Dawa za unga zinazouzwa kwa ahadi ya kuyeyusha tope hazichukui nafasi ya gari, na dawa kali za klorini zikimwagwa kwa wingi huua bakteria wanaosaga uchafu ndani ya tangi. Okoa fedha zako.

Sababu ya tatu ni udogo wa mfumo wenyewe. Kwa nyumba yenye maji ya bomba ndani, lita 100 kwa mtu kwa siku ni makisio salama. Watu 8 hutoa basi lita 800. Tangi likishika maji ya siku 3 ni lita 2,400, na ukiongeza nafasi ya tope, lita 40 kwa mtu kwa mwaka kwa miaka 3, unapata lita 960 nyingine. Jumla inakaribia lita 3,400. Tangi lenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 1.5 linatosha, likiachiwa sentimita 30 za nafasi juu ya maji. Uwanja wa kunywea ndio unaobadilika sana kwa kufuata udongo. Mchanga wa wastani, mfano wa ule wa Naliendele, unaweza kupokea kama lita 40 kwa mita moja ya mraba kwa siku, hivyo lita 800 zinahitaji mita za mraba 20, ambazo ni mitaro mitatu ya mita 11 yenye upana wa sentimita 60. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, kama unaoukuta kwenye baadhi ya viwanja vya kuelekea bonde la mto Lukuledi, ardhi hupokea lita 10 au pungufu, na mahitaji yale yale yanakuwa mita za mraba 80. Hapo ndipo utaona kwa nini ramani iliyonakiliwa kutoka kwa jirani wa mji mwingine huleta majuto.

Kwa mama wa Shangani tulipata kona ya juu ya kiwanja ambako maji ya ardhini yalikuwa mita 1.5 kutoka juu. Chini ya sakafu ya mtaro panatakiwa kubaki angalau mita 1.2 za udongo usio na maji, kwa hiyo tulichimba sentimita 30 tu, tukaweka kokoto na mabomba yenye matundu, tukafunika kwa tuta. Kwa kuwa kona hiyo iko juu kuliko tangi, ilibidi kujenga chemba ya tatu yenye pampu ndogo ya majitaka inayowashwa na boya, chemba yenye uwezo wa kuhifadhi maji ya siku nzima umeme unapokatika. Ni gharama kubwa kuliko kuchimba shimo, na nilimweleza hivyo bila kumficha.

Kupima ardhi kabla ya kuchimba tena

Anayejenga upya au anayehamisha uwanja wa kunywea apime mwezi wa Machi au Aprili, wakati maji ya ardhini yako juu kabisa. Asiyeweza kusubiri achimbe kishimo cha mita 2 na kuuangalia udongo wa kuta zake: madoa ya kijivu yaliyochanganyika na rangi ya kutu ni alama kwamba maji hupanda hadi hapo kila mwaka, hata kama leo pamekauka kabisa. Majirani wenye visima nao wanajua mengi. Waulize kamba ya ndoo hupungua kwa kiasi gani wakati wa masika.

Kasi ya kunywa hupimwa kwa kuchimba kishimo chenye upana wa sentimita 30 hadi kina cha mtaro unaokusudiwa, kukijaza maji na kuendelea kukiongezea kwa saa 4 au usiku kucha ili udongo ushibe, kisha kuweka maji ya kina cha sentimita 15 na kuangalia yanavyoshuka kwa saa. Sentimita 2.5 zikichukua zaidi ya dakika 60, mitaro ya kawaida haitafaa hapo. Zikishuka kwa muda usiofika dakika moja, wengi hufurahi, nami huingiwa na wasiwasi, kwa sababu nitakayoieleza kwenye sehemu ya kisima.

Mitaro ikae angalau mita 3 kutoka ukuta wa nyumba, na kati ya mtaro na mtaro pabaki mita 2. Sakafu ya mtaro iwe tambarare ili maji yagawike kwa usawa. Usipitishe gari juu yake na usielekeze maji ya bati huko. Katika Mikindani, ambako viwanja vingi viko kwenye miteremko, mitaro ilazwe kukata mteremko, kamwe isishuke nao. Michoro na mahali pa kuchimba vionyeshwe kwa afisa afya wa kata na kuingizwa katika maombi ya kibali cha ujenzi cha halmashauri. Kosa linalorekebishwa kwenye karatasi halina gharama.

Majani yamestawi kiangazi, au maji yanachomoza juu ya ardhi

Agosti kila kitu kimekauka, na juu ya mtaro mmoja tu kuna ukanda wa majani mabichi. Ikiwa ni mwanzo wa mtaro pekee, bomba limepasuka au limezibwa mbele ya hapo, na mara nyingi ni mizizi. Mwembe na mkorosho vina mizizi inayofuata unyevu kwa mbali na kupenya kwenye viungio visivyobanwa vizuri. Mti mkubwa uwe mbali na mitaro kwa mita 6 au zaidi. Ikiwa ukanda huo unafuata mitaro yote na ardhi inabonyea chini ya mguu, uwanja umeziba. Zuia watoto na kuku wasifike hapo, mwagia chokaa panapochuruzika, na urejee kwenye sehemu iliyotangulia.

Harufu

Harufu ndani ya nyumba bila maji kukwama hutoka mara nyingi kwenye trapu iliyokauka, yaani ile kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia hewa. Choo cha wageni kisichotumika kwa wiki kadhaa kimwagie ndoo ya maji. Harufu ya nje hutokana na mfuniko usioziba, au bomba la hewa lililokatwa chini ya usawa wa madirisha. Lipandishe lipite paa.

Maji yako chini ya bomba la kutokea

Tangi linavuja, na kwa kuwa uani hakuna kinachonuka, wengi huliona kama baraka. Maji yasiyotulia yanaingia ardhini bila kuchujwa. Nyufa kwa kawaida ziko kwenye tofali ambazo hazikupigwa lipu ndani, au kwenye kiungio cha ukuta na sakafu. Chunguza pia mfuniko wa zege kwa upande wa chini: ukiona nondo zimevimba kutu na zege linamenyuka, mfuniko huo unaweza kuvunjika mtu akiukanyaga, hivyo uzungushie uzio leo hii. Mchanga wa baharini uliotumika kuchanganyia zege huharakisha kutu hiyo kwa chumvi yake, na hewa ya tangi humalizia. Mfuniko mpya utengenezwe kwa mchanga wa mtoni au wa shimoni uliooshwa.

Kisima kimebadilika

Maji ya kisima yakianza kunuka, au watoto wakiharisha mara kwa mara, acha kuyanywa hadi yapimwe, na upime umbali kwa futi kamba: kisima kinapaswa kuwa mita 30 au zaidi kutoka mitaro ya kunywea, na mita 15 kutoka tangi. Kwenye mwamba wa matumbawe wa pwani yetu hata umbali huo hautoshi kukutuliza, kwani mwamba huo una nyufa na mapango madogo yanayobeba maji moja kwa moja bila kuyachuja. Shimo linalomeza maji kwa kasi ya ajabu hapo limeungana na kisima cha mtu, au na bahari. Weka sentimita 60 au zaidi za mchanga wa wastani chini ya kokoto za mtaro ili pawe na kitu cha kuyachuja. Kwenye nyanda za juu za Makonde, Newala na Tandahimba, maji ya ardhini yako mbali sana chini na hatari hii ni ndogo. Huko linde zaidi tangi la kuvunia maji ya mvua, majitaka yasilifikie.

Tangi la plastiki limeinuka

Tangi jepesi likinyonywa lote wakati ardhi imeshiba maji huelea kama mtumbwi, hupasua mabomba na kupandisha mfuniko juu ya ardhi. Halirudishwi kwa kulikanyaga. Kata maji ya nyumba, subiri maji ya ardhini yashuke, lichimbuliwe, kisha lifungwe kwa mikanda kwenye sakafu ya zege. Tangi ambalo bado halijainuka linyonywe mwezi wa Agosti au Septemba, na likilazimika kunyonywa wakati wa masika, mwambie dereva aache nusu ya maji, kisha ulijaze kwa maji safi siku hiyo hiyo kabla gari halijaondoka uani.